Stelingi Mweusi: Mashujaa wa Mwanzo wa Picha za Mapigano na za Kutisha

Stelingi hafi. Kanuni hiyo anaijua kila mtoto aliyewahi kukaa mbele ya picha ya mapigano, awe Unguja, Tanga au Mombasa. Adui atamimina risasi, nyumba itaporomoka, gari litatumbukia korongoni, na stelingi atatoka kwenye moshi akijipangusa vumbi. Kwa zaidi ya nusu karne ya mwanzo ya sinema, kanuni hiyo haikumhusu mtu mweusi. Yeye alikuwa mpagazi, mpishi, askari wa nyuma, au mpiga ngoma wa kisiwa cha kuogofya. Na siku alipopewa nafasi ya kupigana, mara nyingi aliilipia kwa roho yake kabla picha haijaisha.

Mmoja wa waliotangulia kuipinga hali hiyo ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1916, pamoja na nduguye George, alianzisha kampuni ya Lincoln Motion Picture, ili watu weusi wawe na picha ambazo ndani yake wao ndio wakuu. Kampuni ilikuwa na nia lakini mfuko wake ulikuwa mdogo. Johnson akaendelea kuigiza Hollywood, akichukua alichopewa. Katika The Mummy ya mwaka 1932 ni mtumishi wa Kinubi anayemtii mfu aliyefufuka. Katika King Kong ya 1933 ni mkuu wa wenyeji wa kisiwa cha jitu lile. Mtu aliyekuwa stelingi katika picha za kampuni yake akageuzwa sehemu ya kitisho katika picha za wengine.

Paul Robeson, mwimbaji mwenye sauti nzito kuliko wote wa zama zake, alibahatika zaidi, lakini naye alibanwa. Mwaka 1935 aliigiza chifu Bosambo katika picha ya Kiingereza Sanders of the River. Miongoni mwa watu wa ziada waliokodiwa London kujaza kijiji cha Kiafrika alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Robeson aliamini kuwa picha ile ingeonyesha heshima ya Mwafrika. Ilipokamilika akakuta inamsifu mtawala wa kikoloni, akaikana. Miaka miwili baadaye alikuwa Umbopa katika King Solomon's Mines, mtu anayeanza safari kama mtumishi na kuimaliza kama mfalme. Hadithi hiyo ilirudiwa na MGM mwaka 1950, safari hii ikipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na maneno ya Kiswahili yakasikika ndani yake bila kufasiriwa. Umbopa wa mara hii aliandikwa kwa jina moja tu, Siriaque. Ana urefu, ana utulivu, anajua anakokwenda. Lakini picha ni ya mwindaji mzungu na ya bibi aliyemkodi, na mfalme anabaki pembeni mwa safari yake mwenyewe.

Tanganyika ilikuwa imekwishapata shujaa wake kabla ya hapo, japo kutoka mikononi mwa Waingereza. Men of Two Worlds ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Thorold Dickinson na kupigwa kwa sehemu Tanganyika, inamhusu Kisenga, mpiga piano na mtunzi wa muziki aliyeishi Ulaya na anayerudi kwao kusaidia kuwahamisha watu kutoka eneo lenye mbung'o na malale. Mpinzani wake ni mganga Magole. Aliyeigiza Kisenga ni Robert Adams, mzaliwa wa Guyana ya leo. Hiyo ni picha ya serikali kwa shabaha yake, ila kiini chake ni cha picha ya kutisha: mganga anamtabiria Kisenga kifo, na msomi huyu, pamoja na elimu yake yote, anaanza kudhoofika kwa hofu. Pigano lote limo kifuani mwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mweusi. Anapona. Ubaya wa picha hiyo ni kwamba haimwoni mganga ila kama adui, na haimwoni Kisenga mwenye akili ila kwa kuwa alipita Ulaya.

Miaka michache baadaye zikapigwa Tanganyika picha za Kiswahili zenye waigizaji Waafrika toka mwanzo hadi mwisho. Katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 aliyeibeba picha ni kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Haikuwa picha ya mapigano wala ya kutisha, bali ya mtu wa shamba anayetapeliwa mjini. Lakini ilionyesha kuwa watu watakaa mpaka mwisho kumtazama mtu wa rangi yao. Mwaka 1962 stelingi huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Hollywood ilichukua njia ndefu zaidi. Mwaka 1957 Sidney Poitier aliigiza Kimani katika Something of Value, hadithi ya vita vya Mau Mau. Kimani ana sababu za kupigana, ana hasira inayoeleweka, na watazamaji wengi hata wa Ulaya walitoka wakimkumbuka yeye kuliko rafiki yake mzungu. Anakufa mwishoni. Woody Strode, katika Spartacus ya 1960, ni Draba, Mhabeshi aliyefanywa mtumwa wa kupigana uwanjani. Anakataa kumuua mwenzake, anawarukia mabwana waliokaa juu, na anakufa. Jim Brown, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, anakimbia mbio za ajabu katika The Dirty Dozen ya 1967 akitumbukiza mabomu, na anakufa akikimbia. Mara nyingi mtu mweusi aliruhusiwa ushujaa kwa sharti la kutobaki hai kuusimulia.

Kifo kilichotikisa zaidi kati ya hivyo kimo katika picha ya kutisha iliyotengenezwa kwa fedha kidogo huko Pennsylvania na George Romero, Night of the Living Dead, iliyotoka Oktoba 1968. Maiti wanafufuka na kula watu. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba, na anayeshika usukani ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones. Romero alieleza baadaye kwamba Ben hakuandikwa kuwa mweusi; Jones alichaguliwa kwa kuwa aliwashinda wengine wote waliojaribiwa. Ndiyo maana Ben anasimama tofauti na waliomtangulia. Hakuna anayetaja rangi yake. Anavunja meza kupata mbao, anapigilia misumari milangoni, anawasha redio, anagombana na mzungu mwoga anayetaka wote washuke chini ghalani, na hata anampiga. Usiku mzima anapambana, na kunapokucha yeye peke yake ndiye aliyebaki hai. Nje kuna kundi la wanaume wenye bunduki wanaosafisha mashamba. Wanamwona dirishani, wanamdhania ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi ya paji la uso. Picha inamalizia kwa vijipicha vya mwili wake ukiburutwa kwa ndoana hadi kwenye kuni. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huohuo, picha ikiwa imeshakamilika, na watazamaji wa Marekani hawakuhitaji kuambiwa wameona nini.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na majumba ya kuonea mambo haya. Mjini Unguja, mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla ndiye aliyetangulia, na jumba la Royal lilijengwa mwaka 1921. Majestic ya Vuga ilisimama mwaka 1955 baada ya ile iliyokuwapo kuungua. Zilikuwapo pia Empire, Sultana na Cine Afrique. Picha za Kihindi ndizo zilizotawala nyoyo, na familia nzima ilivaa na kwenda. Za mapigano zilikuwa na wapenzi wao, zaidi vijana. Mtu wa Uroa, kijiji cha upande wa mashariki unaotazama bahari kuu, alikuwa mbali na hayo yote. Ilimbidi avuke kisiwa mpaka mjini, au asubiri gari la sinema la serikali lililozunguka vijijini na kuonyesha picha za afya na kilimo kwenye kitambaa cheupe usiku.

Hata hivyo kilikuwapo chombo kilichowafikia watu wa mbali kwa wepesi zaidi kuliko filamu: gazeti la hadithi za picha. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Drum ilianza kutoa African Film, na ndani yake akazaliwa Lance Spearman. Kila ukurasa ulikuwa na picha halisi za watu, zimepangwa kama vipande vya sinema, na maneno yao yameandikwa ndani ya viputo. Aliyepigwa picha kama Spearman ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Kofia ya majani imeinama kidogo, tai ya kipepeo, biri mdomoni, gari la michezo aina ya Corvette. Pembeni yake yupo Kapteni Victor wa polisi, msaidizi Sonia, na mtoto mjanja Lemmy. Maadui, akiwamo Rabon Zollo, walikuwa na mashine za ajabu na njama za kuitawala dunia. Gazeti lilisomwa Lagos, Accra, Nairobi na Dar es Salaam, na nakala moja ilipita mikono mingi mpaka ikachanika.

Spearman alipigwa, alifungwa kamba, aliwekwa kwenye vyumba vya sumu. Hakufa. Hakuweza kufa, kwa sababu lazima toleo lijalo litoke. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: miaka kadhaa kabla ya Hollywood kumzoea mtu mweusi mwenye bastola anayefika salama mwisho wa hadithi, msomaji wa Afrika Mashariki alikuwa amemzoea shujaa wa aina hiyo. Tena Spearman hakupigania kutambuliwa na mzungu. Katika mji wake polisi ni mweusi, jambazi ni mweusi, daktari ni mweusi, mrembo ni mweusi. Kasoro yake ni kwamba mji huo haukuwa na jina wala siasa. Zilikuwa picha zilizotoka katika nchi ya ubaguzi wa rangi, na ubaguzi huo haukutajwa ndani yake hata kidogo.

Spearman alizungumza Kiingereza. Aliyemletea msomaji wa Kiswahili hadithi za namna hiyo ni Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliyetoa gazeti la hadithi za picha liitwalo Film Tanzania, lenye waigizaji wa hapahapa. Zanzibar yenyewe ilikuwa imeshampata mpelelezi wake katika vitabu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960. Bwana Msa hapigani. Anavuta kiko, anauliza, anafikiri, na mzimu unaoogopwa na watu unageuka kuwa kazi ya binadamu. Lau sinema ingemchukua mapema, pwani hii ingekuwa na shujaa wa picha za kutisha asiyehitaji bunduki wala mganga.

Kwa hiyo John Shaft alipofika, kiti kilikuwa kimeshatandikwa. Shaft ilitoka mwaka 1971, ikiongozwa na Gordon Parks, na Richard Roundtree akatembea katikati ya barabara za New York kwa koti refu la ngozi huku muziki wa Isaac Hayes ukimsindikiza. Wimbo wake ukapata Oscar. Mwaka uliofuata mtoto wa Parks, Gordon Parks Jr., akatoa Super Fly kwa muziki wa Curtis Mayfield. Mastelingi wa picha hizo hawakufa. Walimtukana polisi mzungu usoni, wakaondoka kwa miguu yao. Vijana wa miji ya Afrika Mashariki walichukua nywele za afro, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na serikali hazikufurahi. Bara, Operesheni Vijana ya chama cha TANU ilikuwa imeanza Januari 1969 kupiga vita mavazi ya kubana na nguo fupi. Zanzibar nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitumia sheria kupambana na mitindo kama hiyo. Viongozi waliona uigaji wa Umarekani. Kijana aliona mtu mweusi asiyeinamisha kichwa. Wote wawili walikuwa na sababu, lakini kijana ndiye aliyeielewa picha.

Mwaka 1973 Shaft mwenyewe akaletwa upande huu. Shaft in Africa, iliyoongozwa na John Guillermin, ilipigwa kwa sehemu kubwa Ethiopia. Mpelelezi anakodiwa kuwasaka watu wanaowarubuni vijana wa Kiafrika kwa ahadi ya kazi na kuwapeleka Paris kuishi kama watumwa. Anavua koti la ngozi, anavaa kienyeji, anajifunza kupigana kwa fimbo, na anajichanganya na wanaosafirishwa. Mwaka huohuo ilikuwa imetimia miaka mia moja tangu soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lifungwe. Picha ina makosa yake, na wanawake ndani yake wamewekwa zaidi kuwa mapambo. Ila swali lake, kwamba utumwa unaweza kurudi kwa jina la ajira, bado linawahusu vijana wanaopanda mashua na ndege leo. Gordon Parks Jr. naye alivutwa na Afrika Mashariki. Alikuja Kenya kufanya kazi ya filamu, na Aprili 1979 akafa katika ajali ya ndege Nairobi.

Utumwa ndio pia mzizi wa Blacula ya mwaka 1972, iliyoongozwa na William Crain. Jina lake linaweza kumfanya mtu aidharau kabla ya kuiona, na angepoteza. Mwigizaji William Marshall, aliyebobea katika tamthilia za Shakespeare, hakuridhika na mhusika aliyepewa. Akawashawishi watayarishaji wamfanye mwanamfalme wa Kiafrika, Mamuwalde. Picha inaanza mwaka 1780. Mamuwalde na mkewe Luva wamekwenda Ulaya kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwenyeji wao ni Dracula, ambaye anaipenda biashara hiyo na anamtamani Luva. Anamuuma mgeni wake, anambandika jina la kejeli, anamfungia jenezani akiwa na kiu isiyokwisha, na mkewe anaachwa afie pembeni. Karibu karne mbili baadaye jeneza linafunguliwa Los Angeles. Mamuwalde anaua, na hilo picha haikwepi. Lakini sauti ya Marshall inabeba huzuni ya mtu aliyeibiwa nchi, mke na jina. Anapompoteza mwanamke anayemwona kuwa ni Luva aliyerudi, anapanda ngazi mwenyewe na kutoka juani. Mwaka 1973 Duane Jones, yule Ben, alirudi katika Ganja & Hess ya Bill Gunn, picha ya mnyonya damu msomi. Ni picha nzito, ya polepole, na haikupata majumba iliyostahili.

Wanawake walipata zamu kupitia Pam Grier, katika Coffy ya 1973 na Foxy Brown ya 1974: nesi na mwanamke aliyeuliwa mpenzi wake, wanaokwenda wenyewe kulipiza. Katika karate yuko Jim Kelly, ambaye katika Enter the Dragon ya 1973 aling'ara kwa dharau na miguu myepesi, lakini Bruce Lee ndiye aliyebaki na Kelly akafa katikati. Mwaka uliofuata, katika Black Belt Jones, alikuwa stelingi kamili na akafika mwisho.

Uroa ilipata umeme karibu na mwaka 1990, na baada ya hapo sinema ikaja mlangoni. Mtafiti wa Norway Tanja Winther, aliyeishi kijijini hapo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2008, ameeleza jinsi nyumba chache zenye televisheni zilivyojaa majirani jioni, watu wakikaa chini pamoja, wanaume na wanawake kila upande na nafasi yake. Bara, fundi wa maneno aliyejulikana kama Lufufu alisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiwapa mastelingi majina na mizaha ya Kitanzania. Kenya wakampata DJ Afro. Kwa sauti hizo mashujaa wa kigeni walipata uraia.

Picha za kutisha za Kiswahili nazo zikaanza. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2009 ikatoka Popobawa ya Haji Dilunga, juu ya kitisho ambacho mwaka 1995 kiliwafanya watu wengi wa Unguja na Pemba walale nje kwa makundi. Katika picha hizi kila mtu ni mweusi, kitisho na muokozi. Kilichokosekana ni Ben: mtu wa kawaida anayeshika nyundo na kutaka wenzake waokoke. Muokozi hutoka kwa mganga au kwa mtu wa dini, na watu wa nyumbani hubaki kupiga kelele.

Kampala ilijibu kwa namna yake. Mwaka 2010 Nabwana Isaac, mtengenezaji wa filamu wa mtaa wa Wakaliga, alitoa Who Killed Captain Alex?, kwa kompyuta alizojiungia mwenyewe, bunduki za vyuma chakavu, na majirani kama jeshi. Kapteni Alex, komando bora kuliko wote Uganda, anauawa mapema, na picha inakwisha bila kumtaja muuaji. Safari hii kifo cha stelingi mweusi hakimnyang'anyi mtu chochote, kwa kuwa nduguye anaingia kulipiza, na wengine wamejaa nyuma yake.

Orodha nyingi za mashujaa weusi huanza na Shaft, 1971. Kwa Afrika Mashariki orodha hiyo si sahihi. Mwenye biri na kofia ya majani alitangulia. Nakala za African Film na Film Tanzania zinazidi kuliwa na mchwa katika masanduku ya watu. Aliye nazo, Uroa au kwingineko, asiziwashie moto. Azipeleke Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.